Chupa ya Mawese Ndani ya Boksi la Garanti

Mount Dennis, Toronto
Tarehe 2 Februari 2009

Mdogo wangu Déo,

Yambo sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mvua ya Manchester haijakuotesha ukungu mgongoni. Sisi hapa tupo, Mungu anatulinda. Theluji imefika kwenye madirisha ya watu wa chini, sisi wa ghorofa ya sita tunaitazama tu. Carmel anakusalimu. Alisema nikuandikie “hi”, nikamwambia mjomba hasalimiwi kwa herufi mbili, basi pokea salamu kamili.

Harusi yake na Armel tumeipanga mwezi wa saba. Wazazi wa Armel ni Warundi, watu wapole. Wamekuja kujitambulisha, wakala sombe yangu ya majani ya muhogo mpaka tukakwangua sufuria. Kwa hiyo furaha ipo. Lakini nina neno.

Unaikumbuka ile diski uliyoinunulia korali yetu huko kwenu, ukampa Pasta aje nayo? Ile nyeusi, ukubwa wake kama kitabu cha nyimbo. Imekufa. Mwaka mpya ulipoanza tuliichomeka, taa haikuwaka, haikuvuma, kompyuta ikasema haioni kitu. Tumebadilisha waya, tumeiombea, hakuna. Na nyimbo zote tulizorekodi mwaka juzi zimo humo tu. Kompyuta ya kanisa tuliyorekodia ilichakaa tukaitoa, maana tulijua diski ipo. Humo ndimo ulimo wimbo wa mlango, ule alioniachia marehemu mama.

Desturi ya kwetu unaijua. Binti hatoki nyumbani siku ya harusi mpaka mama yake asimame mlangoni amwimbie, amalize, kisha amwambie “Nenda”. Bibi alimwimbia mama, mama akaniimbia mimi pale Bukavu. Nataka Carmel naye atoke kwa wimbo ule ule.

Jemimah, yule Mkenya anayetuongozea korali, anasema vitu hivi huwa na garanti. Karatasi zake unazo wewe, nakuomba uwaulize. Na tafadhali usipige simu. Simu ya nyumbani ina kelele siku hizi. Imeili nayo Carmel ndiye hunichapia, na sitaki ajue mambo ya harusi yake kabla ya wakati. Barua inatosha. Barua naisoma mara mbili, hata tatu.

Mungu akubariki,
Dada yako, Donatienne


Manchester
13 Februari 2009

Dada yangu mkubwa, Yaya Donatienne,

Nimepokea barua yako, nikaishangaa stempu. Watu wote wanapigiana simu, wewe umeamua kuishi kama mama mkuu wa watawa. Haya, nami nimenunua bahasha.

Habari njema kwanza. Garanti bado iko hai. Nimewapigia kampuni, wakanipigia muziki wa kulaza watoto, mwishowe akapokea binti mmoja mwenye adabu. Anasema garanti hiyo ni ya hapa Uingereza tu, kwa kuwa niliinunulia hapa. Ukiipeleka kwenye duka la Toronto watakutazama tu. Inabidi ije huku. Amenipa namba ya kuandika juu ya boksi. Usiitume kwangu, mimi kule kiwanda cha mikate nafanya zamu na mtu wa posta hanikuti nyumbani. Itume moja kwa moja kwenye ghala lao, anwani nimeiandika kwenye karatasi ya pili.

Sasa nisikilize vizuri, maana nakujua. Ndani ya boksi weka diski peke yake. Waya usiweke. Kitu kingine chochote usiweke. Izungushie sponji, funga, tuma.

Halafu mtu yeyote asiifungue. Nina jirani Mtanzania, anaitwa Gelasius, ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta sokoni. Nilitaka aitazame yeye kwanza, akakataa kabisa. Anasema chini yake kuna stika, ikipasuka tu, garanti imekufa. “Waanze wenyewe,” akaniambia, “mimi nitakuja nyuma yao.” Nimeona ana haki.

Watakupa mpya, Yaya. Na kama nyimbo zimepotea, si mtaimba tena? Sauti si unayo? Wimbo wa mlango utauimba mwenyewe kwa mdomo wako, diski ya nini? Mama akiwa sokoni wewe ulinibeba mgongoni mchana kutwa ukiniimbia, wala hatukuwa na diski. Mpaka leo nikisikia mtu anaimba jikoni kwake, najua nyumba hiyo ina amani.

Nitapiga simu siku moja, kelele au bila kelele.

Mdogo wako, Déo


Mount Dennis
23 Februari 2009

Jemimah ndugu yangu,

Nakuandikia kwa sababu nikikupigia huko Pickering hunisikii, unasema “ati?” mpaka tunachoka wote wawili. Daktari wa sauti amesema nisijilazimishe kuongea. Nimemwuliza tena kama kuimba kutarudi. Akanishika mikono yote miwili, ndipo nikajua jibu. Ule uvimbe wa shingoni walionitoa mwezi wa kumi ulikuwa umeukumbatia mshipa wa sauti. Alinionya kabla, ni kweli alinionya, nami nikakubali. Uhai upo, namshukuru Mungu kila asubuhi. Sauti ya kuimba imekwenda.

Déo hajui. Mama yetu alipasuliwa tumbo, akafia hospitalini, na Déo akaletewa habari kwa simu akiwa mbali. Aliacha kula mpaka wenzake wakawa wanamnywesha uji. Nikimwambia nimepasuliwa shingo ataugua. Basi nimemwacha aamini kwamba simu yangu ina kelele. Sasa ananiandikia kwamba tutaimba tena, ati sauti si ninayo. Nimeisoma sentensi hiyo nikaiweka barua chini ya mto.

Kazini kule Don Mills wazee ninaowatunza wanalalamika kwamba hawanisikii. Isipokuwa Mzee Sadru, yule Mhindi wa Mwanza, ambaye masikio yake yalikufa zamani. Yeye ndiye pekee ninayeongea naye kwa raha. Ananiitikia “ndiyo mama, ndiyo mama”, nami naendelea.

Leo asubuhi nimelipeleka boksi la diski posta, liende Uingereza. Déo alisema niweke diski peke yake, lakini wewe unajua, mkono mtupu haulambwi. Watu wa mbali wanakutengenezea kitu chako, halafu unawapelekea boksi kavu? Nimewawekea chupa ya mawese, yale aliyoniletea mke wa Pasta kutoka Uvira, mekundu sana, na kikaratasi cha kusema aksanti. Nimeifunga kwa mifuko miwili. Déo anasema watanipa mpya. Nafikiri watazihamishia nyimbo zangu humo, kama fundi anavyohamisha vifungo kutoka shati kuukuu.

Uniombee,
Donatienne


Pickering
26 Februari 2009

Mama Carmel,

Barua yako nimeisoma kwa treni nikienda kazi, nikapitisha stesheni yangu. Sasa nisikize.

Hiyo mambo ya garanti haiendi hivyo. Mwaka jana diski ya kompyuta yangu iliharibika, nikaipeleka kwa wenyewe. Walinipa ingine, safi, haina kitu ndani. Picha zangu zote za Kakamega zikaenda hivyo. Nikauliza ile ya zamani iko wapi, wakasema hiyo sasa ni yao, inafutwa ama inasagwa. Hawahamishi kitu, Donatienne. Wanabadilisha tu. Hao watu wa Uingereza wakifungua boksi yako na waseme sawa, nyimbo zimeisha. Mwandikie Déo leo awazuie.

Na huyo ndugu yako si mtoto. Unamficha ndio asiumie, halafu yeye huko anakuambia uimbe tena, na wewe unabaki ukilia. Sasa umemkinga na nini? Mwambie ukweli. Akijua kwa hiyo diski ndiko sauti yako imebaki, hatakuongelesha tena mambo ya mpya.

Lakini mafuta, kweli? Kwa boksi ya kompyuta? Nimecheka mpaka jamaa tulikuwa tumekaa naye akahama kiti. Roho yako naijua, mama, na nakupenda nayo hivyo hivyo.

Jemimah


Mount Dennis
Tarehe 1 Machi 2009

Déo mdogo wangu,

Yambo. Nakuandikia haraka, salamu utanidai baadaye. Boksi nilishalituma. Sasa naambiwa kwamba hawa watu hawarudishi cha zamani, wanakibakiza na kukisaga, na kipya kinakuja bila nyimbo. Mimi sikuelewa hivyo. Nilifikiri wanatengeneza.

Tafadhali wapigie. Waambie mpya siitaki. Waibakize hiyo mpya, wanirudishie ile ile yangu iliyokufa, kama ilivyo.

Najua utaniuliza kwa nini, wakati tunaweza kuimba tena. Korali imechoka. Watu wana kazi za zamu, wengine wamehamia mbali. Haitawezekana kuwakusanya. Usiniulize zaidi ya hapo, wewe wapigie tu, nakuomba kama ninavyomwomba Mungu.

Dada yako,
Donatienne


Manchester
17 Machi 2009

Yaya,

Nina mambo mawili na yote ni mazito. Naanza na la mafuta.

Barua yako ilipofika niliwapigia siku hiyo hiyo, nikiwa nimesimama nje ya kiwanda. Yule binti mwenye adabu akasema haiwezekani. Kwao kitu kikikubaliwa kimekubaliwa, cha zamani kinakuwa chao, nawe unapewa kingine. Nikasema basi, yamekwisha. Juzi ikaja barua yao. Wamekataa. Wanasema kifaa kimefika kimelowa “mafuta mekundu yasiyojulikana”, kwa hiyo hawakishughulikii na garanti yake imefutwa.

Yaya, mawese? Nilikuambia diski peke yake. Wamenirudishia kila kitu kwenye mfuko wa plastiki uliozibwa kama ushahidi wa polisi: diski, kikaratasi chako cha aksanti, na chupa yenyewe ikiwa nusu. Mtu fulani ameikaza kifuniko na kukizungushia utepe. Niliwapigia kuomba msamaha. Sikujua mawese nitayaelezaje kwa Kiingereza, nikasema ni upendo wa dada yangu. Binti akasema pole.

Kwa hiyo mpya hupati, na hiyo ya zamani iko juu ya friji yangu, jikoni kote kunanuka Uvira. Gari la kuchukua vitu vya umeme vilivyokufa litapita hapa mtaani Jumanne ya mwisho wa mwezi. Nitawapa. Hiyo korali iliyochoka itapumzika, kisha mtaimba tena, nami nitawanunulieni nyingine.

La pili. Jumapili nilipiga simu. Akapokea mwanamume. Sauti nzito, ya kukwaruza, ya mtu aliyevuta sigara maisha yake yote. Akasema “Allo”. Nikamwuliza, “Wewe nani?” Akakata. Nikarudia, haikupokelewa.

Shemeji, baba yake Carmel, amelala kaburini miaka mingi sasa, Yaya, na mimi si hakimu wako. Kama umepata mwenzio, niambie, nitafurahi. Lakini mtu anayemkatia shemeji yake simu namtilia shaka. Sasa naelewa hiyo kelele kwenye simu yako ni kelele gani. Carmel anamjua? Na siku ya harusi anasimama wapi?

Nina hasira, lakini mimi ni wako,
Déo


Manchester
29 Machi 2009

Yaya wangu,

Tangu Alhamisi simu yako haijatoka masikioni mwangu. Nilipopokea nikasikia ile sauti ya kukwaruza, nilikuwa na maneno tayari. Nikasema, “Wewe bwana, mpe dada yangu simu.” Nawe ukasema, “Kisambaza, usiitupe diski.”

Jina hilo hakuna mwanamume yeyote anayelijua. Ulinipa wewe, kwa sababu nilikuwa mwembamba kama wale dagaa wa ziwani tunaowaita sambaza na nikinyimwa sambaza nalia. Nilikaa sakafuni na simu mkononi. Nimelia, sikufichi. Halafu nikakumbuka niliyokuandikia kuhusu sigara, aibu ikanishika mpaka shingoni.

Umesema ulinificha nisije nikaacha kula. Jioni ile sikula, ni kweli. Kesho yake nilikula mara mbili kwa hasira. Wakati wa mama kilichonivunja si habari ya kupasuliwa, ni kuambiwa wakati kila kitu kimekwisha na mimi sina la kufanya. Safari hii umeniambia diski ikiwa bado juu ya friji. Nimepata la kufanya. Usinifiche tena, Yaya. Nakuomba sana.

Jana nilimpelekea Gelasius. Nikamwambia, “Wenyewe wamekataa, garanti imekufa. Sasa fungua, hakuna wa kutugombeza.” Akafuta mawese kwa kitambaa na spiriti, akaipasua ile stika bila hata kuitazama. Ndani kulikuwa kukavu. Mafuta yaliishia kwenye ganda na kwenye tundu la waya. Akaitoa diski yenyewe, akanionyesha kipande kidogo kilichobaki kwenye ganda, cha ukubwa wa kidole gumba, kimeungua pembeni. Hicho ndicho kinachounganisha diski na waya, na hicho ndicho kilichokufa. Diski haikuwa na ugonjwa wowote. Akaichomeka kwenye ganda jingine alilokuwa nalo, ikavuma.

Tulikuwa pale sokoni, upande mmoja muuza viazi, upande wa pili mama wa Kijamaika anayeuza soksi. Gelasius akabonyeza wimbo uliokuwa mbele yake, ukawa ndio wimbo wa mlango. Spika yake ni mbovu, lakini sauti yako ilitoka nzima. Yule mama akaacha soksi zake akaja kusimama nasi. Hakuelewa neno hata moja. Akaniuliza huyu ni nani, nikamwambia ni dada yangu. Akasema nikushukuru.

Sasa fikiri nami. Boksi lako lingekuwa kavu, wangelikubali. Ungeletewa diski tupu, hii ingesagwa, na mimi ningekupongeza. Na hata wangeirudisha na garanti ikiwa hai, Gelasius asingeigusa. Nimekugombeza kwa ajili ya chupa ile ile iliyotuletea wimbo. Unisamehe, Yaya, nami naishukuru chupa.

Ndani ya bahasha hii kuna sidii yenye wimbo wa mlango, ili usisubiri. Diski mpya yenye nyimbo zote inakuja kwa mkono wa mtu wa kanisa letu anayekuja huko baada ya Pasaka. Nakala nyingine inabaki kwangu, hiyo siitoi. Gelasius amekataa malipo, ila aliuliza kama yale mawese yaliyobaki yana mwenyewe. Tumeyapikia maharagwe, tukala pamoja.

Harusini sitaweza kuja, karatasi zangu za kusafiria bado hazijatoka. Utaniandikia kila kitu. Na upige simu. Hiyo sauti yako mpya nitaizoea kwa kuisikia.

Kisambaza wako


Mount Dennis, Toronto
Tarehe 20 Julai 2009

Kwenu ndugu wa ghala la garanti, Uingereza,

(Déo mdogo wangu, wafasirie hii kwa Kiingereza kizuri. Usipunguze kitu wala usinionee haya. Nawe umo humu, kwa hiyo isome kama yako.)

Yambo sana. Mimi ndiye mama wa mafuta mekundu. Yanaitwa mawese, ni ya kupikia, hayana sumu. Nawaomba radhi kwa meza yenu na kwa mikono yenu iliyochafuka. Niliambiwa niweke diski peke yake, nikaona ni utovu wa adabu. Mlikataa boksi langu, na mlikuwa na haki ya kukataa. Nawaandikia kuwashukuru kwa sababu mlikataa.

Mngekubali, mngenipa kitu kipya na kuondoka na sauti yangu. Sikuwaambia wakati ule, hata ndugu yangu sikumwambia, kwamba mimi nilikuwa mwimbaji na sasa siimbi tena. Walinitoa uvimbe shingoni, nikabaki hai, nikabaki na sauti ya kukwaruza. Ndugu yangu aliisikia kwenye simu akadhani nimeolewa na mvuta sigara.

Juzi Jumamosi binti yangu Carmel ameolewa. Kwetu mama humwimbia binti mlangoni, na binti hatoki mpaka wimbo uishe na mama amwambie “Nenda”. Tunakaa ghorofa ya sita. Jemimah, kiongozi wa korali yetu, alileta spika mbili kutoka Pickering akaziweka kwenye ukumbi, nje ya mlango wetu. Vijana wa upande wa bwana harusi wakaizuia lifti isishuke. Majirani wakafungua milango yao, mama mmoja wa Jamaika na mtoto mgongoni, mzee mmoja wa Kireno na mbwa wake, wote wakasimama. Mimi nikasimama mlangoni, Carmel akasimama ndani, karibu na viatu.

Jemimah akawasha. Nikaisikia sauti yangu ikitoka nje yangu. Niliogopa kwamba nitaionea wivu. Sikuiona kama ya mtu mwingine. Nilifumba macho nikamsikia marehemu mama ndani yake, jinsi alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya ubeti wa mwisho, nami kumbe huvuta vile vile. Midomo yangu ilikuwa inafuata maneno. Wanakorali wakaitikia pale pale ukumbini, wakichanganyika na wao wenyewe wa miaka miwili nyuma.

Wimbo ukaisha. Carmel hakutoka.

Watu wakafikiri mtambo umekwama. Jemimah akaanza kubonyeza vitu. Lakini mtambo haukuwa na kosa. Neno “Nenda” halikuwemo kwenye diski, kwa sababu siku tuliyorekodi hapakuwa na binti wa kumtoa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Carmel hakulisahau. Alisimama na shela lake akinitazama, anasubiri.

Tangu mwezi wa kumi nilikuwa nimeogopa kufungua mdomo mbele za watu. Kanisani nilikuwa natikisa kichwa tu. Nikasema, “Nenda, mwanangu.” Lilitoka baya, limekwaruza, yule mbwa akainua masikio. Ukumbi mzima ulilisikia.

Binti yangu huyu nimemlea kwa Kiswahili, na tangu alipoanza shule hunijibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alisema, “Naenda, mama,” akavuka kizingiti.

Nilimpigia ndugu yangu nikamweleza yote kwa sauti hii hii, mpaka kadi ya simu ikaisha. Hakusema tena kwamba kuna kelele.

Aksanti kwa yule binti mwenye adabu anayepokea simu. Aksanti kwa aliyeandika barua ya kukataa. Na yule aliyeikaza chupa yangu kifuniko akakizungushia utepe, ili kisimwagike tena kitu ambacho hakukijua wala hakukihitaji, simjui jina, lakini namtaja ninaposali.

Kwetu mkono mtupu haulambwi. Humu nimewawekea sidii moja ya korali yetu, wimbo wa mlango ni wa tatu. Fungueni bila wasiwasi. Haimwagiki.

Donatienne,
mama Carmel